Kuna Mwanamume Humu Ndani?

Leo nakupeleka Ireland, kisiwa chenye mvua nyingi huko magharibi kabisa ya Ulaya. Usiniulize mapema kwa nini twende mbali kiasi hicho ilhali ya kwetu hayajatengemaa. Kila mjadala wa fedha za kuwasaidia wanyonge unapozuka hapa nyumbani, tunabishana juu ya kiasi. Zinatosha? Mbona zimechelewa? Nani kazila njiani? Ni maswali ya haki. Ila lipo jingine ambalo tunalipita kila siku bila kusimama: jina la nani limeandikwa kwenye orodha, na pesa zinaingia mkononi mwa nani? Waairishi wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, bungeni, mahakamani na hata kwenye masanduku ya kura, na bado halijawaishia.

Tuanze na mfano mwepesi. Mtu na mkewe wanaishi Ireland. Mume kaachishwa kazi, na akiba zake za michango zimekwisha. Anakwenda ofisi ya ustawi wa jamii, anajaza fomu, wanampima kipato, kisha wanamlipa fao la mtafuta kazi. Kwa viwango vya mwaka 2025, atapata hadi yuro 244 kwa wiki. Mkewe naye hana kipato. Huyo analipwa vipi? Halipwi. Anaongezwa. Serikali inaongeza hadi yuro 162 juu ya zile za mume kwa sababu ana mtu mzima anayemtegemea, na zote zinalipwa pamoja, kwa jina la mwombaji.

Hapo kuna mambo mawili. La kwanza, mke amehesabiwa kama theluthi mbili ya mumewe. Wataalamu wa uchumi wana hoja yao: wawili wakikaa chini ya paa moja, taa ni moja, moto wa kuota ni mmoja, kodi ya nyumba ni moja, kwa hiyo hawahitaji mara mbili ya kile anachohitaji mtu mmoja. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na nitairudia. La pili ndilo linalonikera zaidi. Mwanamke huyu, kwa hesabu za serikali, hana faili. Akitaka nauli, akitaka viatu vya mtoto, akitaka kumtumia mama yake chochote, anaomba kwa mumewe. Mume akiwa mwema, mambo yanakwenda. Akiwa mlevi au mchoyo, zile yuro 162 zimeandikwa kwa ajili ya mke na mke hazioni.

Sasa ruka upande wa pili wa barabara. Huko anaishi mwanamke mwingine analea mtoto peke yake. Yeye ana malipo yake, yanaitwa malipo ya familia ya mzazi mmoja. Yanapimwa kwa kipato pia, lakini ni kiwango kamili cha mtu mzima, pamoja na nyongeza ya mtoto, kwa jina lake mwenyewe. Sharti kubwa ni moja: asiwe anaishi na mtu kama mke na mume. Siku mpenzi wake akihamia na begi lake, malipo yanakoma. Huyo bwana akiwa na mshahara wa maana, mwanamke habaki na kitu cha jina lake, isipokuwa posho ya mtoto wanayopewa wote. Akiwa naye hana kazi, basi mwanamke anageuka kuwa nyongeza kwenye fomu ya bwana.

Mwanamke ni yuleyule, watoto ni walewale, sufuria ni ileile. Jumatatu alikuwa mtu mzima mwenye faili. Jumanne ni theluthi mbili ya mtu, na pesa zake ziko mfukoni mwa mwenzake. Katikati kimebadilika kitu kimoja tu, jibu la swali ambalo mfumo mzima umejengwa juu yake: kuna mwanamume humu ndani?

Serikali ilifikaje kuuliza swali la namna hiyo? Hapa inabidi turudi nyuma, maana historia yenyewe ina utamu wake, na ina machungu.

Katiba ya Ireland ni ya mwaka 1937, ya zama za kiongozi wa serikali Éamon de Valera, na kifungu chake cha 41 kinamtukuza mwanamke kwa maisha yake ya nyumbani. Kinasema dola itajitahidi ili akina mama wasilazimike kwa shida ya pesa kwenda kufanya kazi wakaacha majukumu ya nyumba. Maneno matamu. Ungetarajia basi kwamba serikali ingempa mama huyo chochote ili abaki nyumbani kwa amani. Posho ya watoto ilipoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa haki ya baba. Ilipita miaka 30, mpaka 1974, ndipo sheria ikasema mama ndiye apokee. Na katika utumishi wa serikali, mwanamke akiolewa alitakiwa kuacha kazi, kanuni iliyodumu hadi 1973. Kwa hiyo amesifiwa kwa kukaa nyumbani, amezuiwa kutoka, na posho ya watoto anaowalea kapewa mtu mwingine.

Na talaka haikuwapo. Katiba iliikataza, na wananchi waliikubali kwa kura ya maoni ya Novemba 1995 tu, tena kwa upenyo mwembamba wa asilimia 50.28. Fikiria maana yake kwa mke ambaye mumewe kapanda meli kwenda Uingereza kutafuta kazi, na barua zikakoma, na pesa zikakoma. Si mjane, maana mume yu hai. Si mtalaka, maana talaka hakuna. Wanawake wa pwani yetu, ambao waume zao walikwenda safari wakaoa huko walikofika, hawahitaji kuelezwa habari hii mara mbili. Mwaka 1970 serikali ya Ireland ikaanzisha posho ya mke aliyetelekezwa. Ili aipate ilimpasa kuonyesha kwamba mume kaondoka kwa hiari yake, kwamba miezi kadhaa imepita, na kwamba yeye mwenyewe amejaribu kumtafuta. Yaani mwanamke alilipwa kwa kuthibitisha kwamba mtu fulani hayupo.

Mwaka 1973 ikaja posho ya mama asiyeolewa. Hii ngoja niikalie kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu hakuna shilingi iliyowahi kutolewa na serikali ile ikafanya kazi kubwa kama hii. Kabla yake, msichana wa Kiairishi aliyepata mimba nje ya ndoa mara nyingi alipelekwa kwenye nyumba za mama na mtoto, nyingi zikiendeshwa na masista, akajifungua huko kwa siri, na mtoto akachukuliwa kuasiliwa na watu wengine. Tume iliyochunguza taasisi 18 za namna hiyo ilitoa ripoti yake Januari 2021: wanawake wapatao 56,000 walipitia humo, na watoto wapatao 9,000 walifia humo. Ni watoto 9,000, msikilizaji, katika nchi ndogo ya Kikristo isiyokuwa vitani.

Mwaka 1972 kundi la akina mama wasio na waume likaanzisha chama chao Dublin, wakakiita Cherish. Wakampata wa kuwasimamia: Mary Robinson, wakati huo mwanasheria kijana na seneta, ambaye mwaka 1990 alikuja kuchaguliwa Rais wa nchi. Mwaka huohuo wa 1972 tume ya hali ya wanawake, chini ya uenyekiti wa Thekla Beere, nayo ikapendekeza akina mama hao walipwe. Mwaka uliofuata posho ikatoka. Ilikuwa ndogo, na katika mji wenye posta moja kila mtu alijua nani kaingia kuchukua nini. Lakini msichana aliyekuwa na kitu cha kununulia maziwa aliweza kusema: mtoto simtoi. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Baba yake, padri wake na majirani zake wakaanza kuzungumza naye kwa namna nyingine kidogo.

Mwaka 1974 ikaongezwa posho ya mke wa mfungwa. Pensheni ya wajane ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Ukizipanga pamoja unaona kichekesho. Dirisha la kwanza: mume kafa. La pili: katoroka. La tatu: hakuwahi kuwapo. La nne: kafungwa. Kila mwanamke alitakiwa kujua apange foleni ipi, na foleni ilipangwa kwa kufuata mwanamume yuko wapi. Kama mumeo yupo nyumbani lakini hatoi hata senti, dirisha lako halikujengwa. Na baba aliyeachiwa watoto na mkewe? Mmoja alikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba wanawake waliotelekezwa wanalipwa na yeye halipwi. Mwaka 1984 alishindwa. Ilibidi kungoja hadi 1990 ndipo posho nyingi kati ya hizo zikaunganishwa kuwa moja ya mzazi anayelea peke yake, baba akiwamo, na mwaka 1997 ikapewa jina la sasa.

Wakati huo wa madirisha manne, upande wa wenye ndoa nako moto ulikuwa unawaka, na uliwashwa kutoka nje. Desemba 1978 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo kwamba wanaume na wanawake watendewe sawa katika mafao ya hifadhi ya jamii, na nchi wanachama zikapewa miaka 6 kujiweka sawa. Desemba 1984 ikafika, Ireland haijafanya kitu. Ikajikongoja mpaka 1986.

Na kilichotakiwa kurekebishwa kilikuwa cha aibu kweli. Mwanamke aliyeolewa akipoteza kazi alilipwa kiwango cha chini kuliko mwanamume, tena kwa muda mfupi zaidi, ingawa alikuwa amekatwa michango kama wenzake. Mwanamume mwenye mke aliongezewa malipo ya mtegemezi moja kwa moja, hata kama mkewe alikuwa na kazi yake na mshahara wake. Mwanamke ili aongezewe kwa ajili ya mume alitakiwa kuthibitisha kwamba mume hajiwezi.

Wanawake wawili walioolewa wakaishtaki serikali, wakitetewa na Mary Robinson yuleyule, na kesi ikafika Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg mara mbili, uamuzi wa kwanza 1987 na wa pili 1991. Utetezi wa serikali katika ile ya pili ni wa kuwekwa kwenye kumbukumbu. Ilisema: tukiwalipa wanawake hawa nyongeza za waume, tutakuwa tumewatajirisha bure, kwa sababu waume zao hawawategemei. Mahakama ikajibu, kwa lugha ya kisheria bila shaka, kwamba mliwalipa wanaume kwa ajili ya wake wasiowategemea, basi na wanawake walipwe vivyo hivyo. Kesi nyingine zikafuata nyumbani, na baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1995, makumi ya maelfu ya wanawake wakalipwa malimbikizo yao. Baadhi yao walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 10.

Unadhani mambo yaliishia hapo? Serikali ikishikwa mkono wa kulia hutafuta wa kushoto. Baada ya usawa kuingia, iligundulika kwamba mke na mume wote wakikosa kazi, kila mmoja angeweza kudai fao lake kamili. Likawekwa kikomo: wanandoa wawili kwa jumla wasipate zaidi ya kiwango cha mtu na mtegemezi wake. Lakini wawili wanaoishi pamoja bila ndoa hawakuwekewa kikomo hicho. Mume mmoja akaenda mahakamani: Katiba yetu inailinda ndoa, imekuwaje tunaadhibiwa kwa kufunga ndoa? Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikamwambia ni kweli. Serikali ilikuwa na njia mbili, kuwapandisha wanandoa au kuwashusha wasiofunga ndoa. Sheria mpya ilitungwa mwaka huohuo, na sina haja ya kukwambia walishusha. Wizara za fedha za dunia nzima zina akili moja, na sijui husomea chuo gani.

Kwa uamuzi huo hesabu ikawa moja kwa wote: mkiishi pamoja kama mke na mume, mna cheti au hamna, ninyi ni kifurushi kimoja. Ikabaki kazi ya kujua nani anaishi na nani. Ireland ina mwongozo wa maofisa kuhusu jambo hilo. Wanaangalia kama wawili wanakaa nyumba moja, wanaendeshaje matumizi ya nyumba, uhusiano wao umetulia kiasi gani, watu wanawaonaje, na ndiyo, msikilizaji, kama wana uhusiano wa kimapenzi. Mtumishi wa umma, mwenye kitambulisho na kalamu, kazi yake ni kujiridhisha juu ya jambo ambalo hata shangazi yako huliuliza kwa kuzunguka.

Kwetu Tanzania tunayo sheria inayofanana na hiyo kwa sura. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kama mke na mume, itadhaniwa kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo iliwekwa ili mwanamke akifukuzwa asitoke mikono mitupu, aweze kudai matunzo. Sheria yetu inasubiri miaka 2 ili impe mwanamke kitu. Afisa wa Ireland hasubiri miaka 2 ili amwondolee.

Na watu si wajinga. Sheria ikisema mwanamume akihamia pesa zinakatika, basi hahamii. Au anahamia bila kuhamia: barua zake zinakwenda kwa mama yake, nguo zake ziko kwa kaka yake, na asubuhi anaondoka mapema. Halafu wanasiasa wanasimama majukwaani kusikitika kwamba akina baba wamekimbia watoto wao. Wapo waliokimbia, sikatai. Lakini huwezi kuweka bei juu ya kichwa cha baba kukaa nyumbani kisha ukashangaa hakai.

Nilisema nitarudi kwenye hoja ya paa moja. Anayeitetea hesabu ya kaya atakuuliza hivi: mzazi anayelea peke yake ana mkono mmoja tu wa kutafuta na kulea, je, si haki apate zaidi ya yule mwenye mwenzake wa kusaidiana? Na tukimlipa kila mtu kamili, pesa zitatoka wapi? Swali la kwanza nalikubali bila ubishi. Familia za mzazi mmoja Ireland, ambazo zaidi ya asilimia 80 zinaongozwa na akina mama, ni miongoni mwa zinazoongoza kwa umaskini mwaka hadi mwaka, na uchungu huo unastahili pesa zaidi. Lakini unaweza kumpa nyongeza anayelea peke yake bila kumnyang'anya jina anayelea na mwenzake. Hata serikali yenyewe iliwahi kuliona hilo. Mwaka 2006 Waziri Séamus Brennan alitoa mapendekezo ya kuwa na malipo mamoja kwa mzazi yeyote mwenye kipato kidogo na watoto wadogo, awe peke yake au na mwenzake, na kuiondoa nyongeza ya mtegemezi kwa familia hizo. Lilikuwa wazo zuri. Likajadiliwa, likasifiwa, kisha mabenki ya Ireland yakaanguka mwaka 2008 na wazo likabaki kwenye makabrasha.

Kilichokuja badala yake kilikuwa kisu. Katika bajeti iliyosomwa Desemba 2011, Waziri Joan Burton alitangaza kwamba malipo ya mzazi mmoja, ambayo awali yalikuwa yakiendelea mpaka mtoto afike miaka 18, yatakoma kwa hatua mtoto akitimiza miaka 7. Kelele zilipozidi aliliambia bunge, Aprili 2012, kwamba hatafika kwenye miaka 7 bila kwanza kupata ahadi ya kuaminika ya vituo vya kulelea watoto kama vile vya nchi za Skandinavia. Julai 2015 kisu kikafika kwenye miaka 7. Vituo vya Skandinavia vilibaki Skandinavia. Na walioumia zaidi walikuwa akina mama waliokuwa tayari wanafanya kazi za saa chache, maana katika mpango mpya mishahara yao midogo ilihesabiwa kwa ukali zaidi kuliko mwanzo. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwatia moyo wafanye kazi.

Bado sijamgusa mtu mzima anayetegemea kwa maana ya kweli: mgonjwa, mzee, mwenye ulemavu asiyeweza kujihudumia. Anayemtunza mtu wa namna hiyo Ireland anaweza kupata posho ya mtunzaji, iliyoanzishwa 1990. Lakini hapo napo wanapima kipato cha kaya. Binti ameacha kazi amtunze mama yake aliyepooza, usiku na mchana, na kwa kuwa mumewe ana mshahara unaopita kiwango, binti hapati kitu. Kazi ni yake, jasho ni lake, kipato kinachopimwa ni cha mtu mwingine. Swali ni lilelile, sasa limekuja kwa mlango wa uani.

Machi 8 mwaka 2024, Siku ya Wanawake Duniani, serikali iliwaita wananchi kupiga kura mbili. Ya kwanza ipanue maana ya familia katika Katiba, isiwe ya ndoa tu. Ya pili ifute yale maneno ya 1937 kuhusu mwanamke wa nyumbani na kuweka badala yake kifungu cha kuthamini matunzo ndani ya familia. Serikali ilidhani itashinda kwa urahisi. Ilishindwa vibaya: asilimia 67.7 walikataa ya kwanza, asilimia 73.9 walikataa ya pili. Ulimwengu ukasema Waairishi wamerudi enzi za de Valera. Mimi sikubaliani. Wapo waliopiga kura ya hapana kwa sababu za zamani, ndiyo. Lakini miongoni mwa sauti nzito zilizopinga zilikuwa za watunzaji na watu wenye ulemavu, akiwamo Seneta Tom Clonan, ambaye mwanawe ana ulemavu. Walisoma maneno mapya yakisema dola itajitahidi kuunga mkono matunzo, wakakumbuka kwamba hata mwaka 1937 dola iliahidi kujitahidi.

Wiki chache kabla ya kura hiyo, Januari 2024, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ambayo kwangu inaeleza mambo haya kuliko hotuba zote. Baba mmoja wa kaunti ya Tipperary aliishi na mwenzake yapata miaka 20, wakazaa watoto watatu, hawakufunga ndoa. Mwenzake akafariki. Akaomba pensheni ya mfiwa, akanyimwa: huna cheti, huyo hakuwa mkeo. Sasa angalia. Huyohuyo mwanamke, angedai malipo ya mzazi mmoja enzi za uhai wake, angeambiwa hapana, una mume. Wakati wa kupunguza, wao ni mke na mume. Wakati wa kulipa, hawajuani. Mahakama ikasema ubaguzi huo unavunja usawa ulio ndani ya Katiba, na baba akashinda.

Turudi nyumbani sasa, kwa kifupi, maana dakika zinanikimbia. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, unaorodhesha kaya, na mara nyingi anayepokea ni mwanamke. Hilo ni jema. Lakini anapokea kama mwakilishi wa kaya. Ndoa ikivunjika akaondoka na watoto wake, faili linabaki kwenye ile nyumba au linamfuata yeye? Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi za mtu mwenye ulemavu mkubwa hupitia kwa mlezi wake. Huko tatizo ni la kinyume na la Ireland: jina ni la mtegemezi na mkono ni wa mlezi, na kazi ya mlezi mwenyewe haina malipo ya jina lake.

Halafu kuna Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mzee mkaazi aliyefika miaka 70 anastahili Pensheni Jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Hawakupimi mali, hawakuulizi unalala wapi wala na nani. Bibi ana yake, babu ana yake. Na ukumbuke hapa kwetu babu anaweza kuwa na wake wawili au watatu waliokula chumvi pamoja. Wakitimiza umri, kila mmoja anachukua chake. Hebu mwite ofisa wa Dublin aje Micheweni, huku kwetu Zanzibar, aamue nani kati yao ni mtegemezi na nani ni theluthi mbili. Kiasi ni kidogo, nakubali, na yapo mengi ya kulalamikia. Lakini kwenye swali la jina la nani na mkono wa nani, visiwa hivi vimejibu vizuri kuliko kile cha Waairishi.

Wanaoandaa madaftari ya kaya Dodoma na Nairobi hawahitaji kungoja bajeti inenepe ili walifanyie kazi jambo hili. Ireland tangu mwaka 2007, kwa maombi mapya ya pensheni ya uzeeni, ile nyongeza ya mke imekuwa ikilipwa kwake moja kwa moja. Kiwango hakikuongezwa kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni nani anayelipwa. Ila wazee waliokwisha kuwa kwenye daftari kabla ya hapo hawakuguswa, na kwa wanaotafuta kazi nyongeza bado inalipwa kwa mwombaji, kwa hiyo bado wapo wake wanaosubiri mume aamue.